Jina Lililokaa Chini ya Karatasi

Barua ya Grizel ilipofika kutoka Shropshire, shangazi yangu, Bibi Ursula, hakusoma maneno kwanza. Alitazama jina la binti yake lilipokaa.

Kwetu, kadiri unavyomwogopa unayemwandikia ndivyo unavyoliweka jina lako mbali na maneno. La mpangaji huzama hadi pembe ya chini kabisa. Zamani la Grizel lilikuwa likigusana na maneno, kama mtoto aliyeng'ang'ania sketi ya mama.

"Bado liko chini," akasema.

"Likishuka zaidi litaandikwa mezani, Shangazi."

Nililetwa kwake nijifunze adabu. Bado najifunza.

Shangazi hakucheka. Grizel alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na shangazi alitamani kuwa naye chumbani siku hiyo. Lakini hakualikwa, na angealikwaje? Aligoma kwenda harusini eti bwana harusi ni mtoto wa muuza sufu. Tangu hapo barua zake kwa binti ziliandikwa na karani, Bwana Mompesson, kwa mwandiko mzuri kama lesi.

"Mompesson, andika kwamba mvua huku…"

"Shangazi, mjukuu atazaliwa, ataota ndevu, na wewe bado unawapa habari za mvua!"

Glavu ikanipiga sikioni. Kisha Shangazi akamnyang'anya karani kalamu.

Shangazi anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Nilichungulia: *Nilikosea. Mumeo sikumtendea haki. Nataka kukushika mkono siku hiyo.* Halafu mkono ukashuka, ukapita nafasi yote nyeupe, akaandika jina lake pembeni chini kabisa.

Mompesson nusura aangushe kidau cha wino. "Bibi! Huko ni kwa wapangaji! Mama haandiki huko kwa mwanawe!"

"Najua ni kwa nani. Leta nta nifunge barua."

Zikafuata siku za kumwona akienda dirishani kila mbwa alipobweka. Jibu lilipofika, akanipa mimi nilifungue.

Jina la Grizel lilikuwa juu, limebanana na neno la mwisho.

*Mama, mume wangu ameshinda kutwa akisoma mwandiko wako, ameelewa nusu. Nusu inatosha. Njoo upesi. Na usithubutu kukaa tena kule chini.*

Shangazi akajifuta macho kwa mkono wa gauni la hariri, adabu hiyo.

"Nimwite Mompesson ajibu?" nikauliza.

"Mwite mtunza farasi, mjinga wewe. Jibu nalipeleka mwenyewe."