Anésie Aja Kutazama Mpira wa Pete

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Aloys Habonimana alikuwa akikata machungwa kando ya uwanja wa mpira wa pete pale Toongabbie, mtaa wao wa ughaibuni, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kuleta matunda ya mapumziko. Alipoinua macho akamwona mkewe, Anésie, waliyemzika mwezi wa tatu, amesimama nyuma ya goli na sare yake ya kazi, jina limebandikwa kifuani. Akamsogezea kiti cha kukunja. Anésie akakaa, akauliza mtoto anacheza nafasi gani.

Mtoto wao Ikirezi, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amepangwa mlinzi. Alimpungia mama yake mkono, kisha akarudi kumkaba mfungaji wake. Wazazi wengine walimsalimia Anésie. Mmoja alimwambia ni vizuri hatimaye amepata nafasi, wala hakuwa akimkejeli. Katika miaka mitatu aliyocheza Ikirezi mama yake akiwa hai, Anésie hakuwahi kuona hata mechi moja. Kila Jumamosi alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Westmead, akiogesha, akilisha, akigeuza watu vitandani. Alikufa akirudi kutoka zamu ya tatu mfululizo. Alisinzia kwenye usukani. Kazini walituma maua na kadi iliyosema timu nzima inaomboleza. Neno timu lilipendwa sana mahali pale, hasa siku ambazo mtu mmoja alitakiwa kufanya kazi ya wawili.

Dakika mbili kabla ya mapumziko, simu ya Anésie ililia. Akasoma ujumbe, akainuka.

"Wako short kazini," alimwambia Aloys. "Siwezi kuwaacha wenzangu hivyo."

Akaelekea stesheni. Robo ya tatu Ikirezi aligeuzwa kuwa mfungaji, akafunga mabao tisa, na baada ya kila bao alikitazama kile kiti.

Ikawa hivyo kila wiki. Kocha wao, Tumpe, muuguzi Mtanzania aliyeanza mchezo huu shuleni kwao Tukuyu, alikuwa na huruma ambayo hakupenda ionekane. Alimpanga Ikirezi awe mfungaji robo ya kwanza, mama apate kumwona. Simu ikalia kabla ya filimbi ya kwanza. Wiki iliyofuata akajaribu tena. Ikalia watoto wakiwa bado wanavaa vizibao. Basi akamrudisha kwenye ulinzi, ambako simu ilichelewa kulia, angalau mama amwone akizuia.

Aloys naye alikwenda kazini kwa mkewe, kuomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya wanaoitwa watu wanapopungua. Meneja alimpa chai. Alisema Anésie ni mtu wa kutegemewa, hata sasa, na wazee humuulizia. Kuhusu orodha, mfanyakazi hujitoa mwenyewe kwa nywila yake. Aloys akamwomba mkewe ajitoe. Anésie alimjibu kwamba akijitoa, Jumamosi mwenzake wa zamu, Achola, atabaki peke yake na wazee kumi na wanane, na mgongo wa Achola anajua unavyouma. Aloys alikasirika sana siku ile, na hakujua amkasirikie nani.

Tumpe alikuwa na somo moja alilolirudia kila mazoezi, nalo lilikuwa somo zuri, hakuna wa kumlaumu: ukiona mwenzako ameelemewa unamkimbilia, huulizi kama ni kazi yako. Watoto walilishika. Ikirezi alilishika kuliko wote.

Nusu fainali ilichezwa mwezi wa nane. Simu ililia robo ya pili, timu yao ikiongoza kwa bao moja, Ikirezi akiwa na mpira mkononi. Alimpa mwenzake mpira, akatoka nje ya mstari akiwa na kizibao chake na kumfuata mama yake. Aloys alimwita kwa Kiswahili. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"She's got eighteen, Dad. Nobody's helping her."

Mwamuzi akaruhusu mchezo uendelee. Tumpe akawaambia sita waliobaki watawanyike wafunike uwanja. Walipoteza kwa mabao mawili.

Mchana kutwa Ikirezi alishika upande wa pili wa kila shuka. Aliwashikia wazee vikombe, akawatafutia miwani, na kati ya chumba na chumba akamsimulia mama yake mabao yote ya msimu, moja baada ya jingine. Mikono ya Anésie ilikuwa ya baridi, lakini ilikuwa myepesi kama zamani. Ikirezi alifurahi. Tangu mwezi wa tatu, na kusema kweli hata kabla ya hapo, hakuwahi kukaa na mama yake saa sita mfululizo.

Saa kumi jioni, Aloys akiwa anawangoja kwenye maegesho, meneja alipita akakuta kazi imekwisha mapema. Alimsifu Ikirezi, akasema hii ndiyo maana ya timu. Akamuuliza kama kesho pia ana nafasi, maana Achola ameomba ruhusa.

"Hapana," akasema Anésie.

Neno hilo hakuwahi kulisema mle ndani, akiwa hai wala baadaye. Meneja hakuzoea kulisikia kutoka kwake, kwa hiyo aliendelea kumtazama mtoto akingoja jibu. Anésie akalisema tena, kwa sauti zaidi, shuka likiwa bado mikononi.

Ikirezi akauliza kama kesho mama yake naye atakuwepo. Meneja akaangalia kwenye orodha, akasema atakuwepo.

Basi Ikirezi akasema atakuja, na meneja akamwomba amtajie jina lake polepole, aliandike.