Kompyuta ya Ndani na Ua la Baba Mkwe

Kompyuta ilipoganda mara ya tano, mama mkwe aliacha kunipa pole. Hapo nikajua mambo yameharibika, maana huyu mama humpa pole hata mtu aliyemkanyaga.

Mimi, yeye na mke wangu tulikuwa kwenye chumba chake cha kushonea. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, angekuja saa kumi kujaribu gauni la harusi, na kifuani pa gauni palikuwa patupu. Palisubiri kutariziwa ua alilolichora marehemu baba mkwe mwaka aliofariki. Ua lenyewe lilikuwa limefungiwa ndani ya programu ya kizamani ya kutarizi ambayo kompyuta za siku hizi hazitaki hata kuisikia. Harusi ilikuwa kesho. Nikishindwa, binti angeolewa bila ua la baba yake.

Basi mimi, bingwa wa familia, nikatangaza dawa. Ndani ya kompyuta mpya niliweka programu inayojifanya kompyuta nyingine, ya zamani, na humo nikaweka ile ya kutarizi. Niliwaeleza kwa mbwembwe mpaka mke wangu akanifinya.

Tatizo ni kwamba kila nilipowasha kompyuta ya ndani, ya nje iliganda. Kipanya hakisogei, saa imesimama, feni inavuma kama inataka kupaa. Nikawa nabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka kidole kikauma.

"Inataka nini?" mama mkwe aliuliza.

"Nguvu, mama. Ya ndani ni dhaifu. Naiongezea kumbukumbu."

"Iongezee, usiibanie."

Nikaiongezea. Ikaganda mapema zaidi. Nikaiongezea tena, jasho likinitoka.

Saa tisa kasoro mama aliweka mkasi mezani. "Hebu niambie, hizo kumbukumbu unazitoa wapi?"

"Kwenye ya nje."

"Yenyewe inazo ngapi?"

"Gigabaiti nane."

"Ya ndani umeipa ngapi?"

Nikakohoa. "Saba na nusu."

Alinitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko tusi. "Mwanangu, mimi nikikata mikono ya gauni nikamaliza kitambaa chote, mwili nitaushonea nini?"

Miaka kumi na miwili nalipwa kwa kazi hii! Nilitamani ardhi inimeze. Nikairudishia ya nje gigabaiti zake, ya ndani nikaiachia mbili. Ikawaka polepole, kwa kujivuta, lakini ikawaka. Programu ikafunguka na ua likatokea.

Lilikuwa na petali tano. Nne zilikuwa safi, ya tano imechepuka upande kabisa. Nikadhani mzee mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka.

"Hii nainyoosha sasa hivi, mama."

Kofi likatua mkononi mwangu. "Thubutu!"

Mashine ikatarizi ua vilevile lilivyo. Shemeji akafika, akavaa gauni, akasimama mbele ya kioo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye petali ya tano. Akacheka, kisha machozi yakamtoka.

"Hapa nilimchekesha," alisema. "Alikuwa anachora, nikamchekesha, kipanya kikamteleza. Akasema ataitengeneza kesho yake."

Mama mkwe alinitupia jicho. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili.