Kikombe cha Mjakazi

Wembe ulikuwa umefika chini ya sikio la kushoto la Mwalimu Rula pale dereva wa gari la wagonjwa alipoingia kwa kishindo na kuuliza, bila hata salamu, "Jamani, kanywa au hakunywa?"

"Kanywa," kinyozi akajibu, wala hakuinua macho. "Kanywa mpaka tone la mwisho. Nimeliona koo lake likipanda na kushuka."

"Nilijua! Mke wangu anabisha, ati kajifanya tu." Ndipo dereva alipomwona aliyekaa kitini. "Lo! Shikamoo, Mwalimu. Samahani, sikukuona humo ndani ya povu."

"Marahaba," Mwalimu Rula akajibu kwa pembe ya mdomo, kisha akafumba macho.

Alikuwa amekuja asubuhi mapema kwa makusudi, akitumaini kunyolewa na kuondoka kabla maneno hayajaanza. Lakini tamthilia ya Inspekta ilikuwa imeonyeshwa jana jioni, na mtaa mzima ulikuwa umeamka nayo mdomoni kama mswaki.

Ilikuwa tamthilia ya enzi za taa za mafuta na magari ya farasi. Inspekta mmoja mwenye koti refu na mguu wa kuchechemea alipita nyumba hadi nyumba akifumbua vifo ambavyo wahusika walitaka vifukiwe kimyakimya. Safari hii tajiri mwenye maghala alikutwa amekufa kitandani, kikombe cha dawa kando yake, na vidole vyote vikamwelekea mjakazi aliyempelekea kikombe hicho. Wasichokijua waliokuwamo kwa kinyozi ni kwamba mjakazi yule wa kitambaa cheupe kichwani alikuwa mtoto wa pekee wa mzee aliyejaa povu mbele yao. Mwalimu Rula alihamia mtaa huu baada ya kustaafu kufundisha hesabu. Jina la utani alilopewa na wanafunzi, Rula, lilimfuata. Habari za binti hazikumfuata, kwa kuwa hakumsimulia mtu.

Jana yenyewe hakuitazama. Mkewe alipowasha televisheni, yeye alishika spana akatoka uani kwenda kukaza bomba ambalo halikuwa likivuja.

Siku binti alipoacha masomo ya sheria ili akaigize, baba alimwambia, "Nenda. Lakini usinialike kuja kukutazama." Waliosikia walidhani ni hasira, naye akawaacha wadhani hivyo, maana hasira ni vazi linalomsitiri mwanamume kuliko woga. Ukweli ni kwamba mtoto huyo, alipokuwa mdogo, aliwahi kupandishwa jukwaani shuleni na taji la karatasi kichwani. Maneno yakamkauka kinywani. Watu wakaanza kucheka, mmoja, wawili, kisha ukumbi mzima. Baba mtu aliinuka kutoka viti vya nyuma, akapasua katikati ya watu, akamnyanyua, akatoka naye nje, mtoto akitetemeka kifuani pake kama kifaranga aliyenyeshewa. Tangu hapo neno "jukwaa" halikuwa na maana nyingine kwa baba huyo. Hakuogopa majirani watasema nini. Aliogopa siku watu watakapomcheka tena, naye awe mbali asiweze kumnyanyua.

"Mimi nawaambieni," dereva akasema huku akijibwaga kwenye benchi, "yule binti mwanzoni sikumpenda hata kidogo. Alipotokea mara ya kwanza nikasema, huyu wamemwokota wapi? Kasimama kama mlingoti!"

Mwalimu Rula akameza mate.

"Usimeze, mzee, nitakukata," kinyozi akaonya.

"Ni kweli, alikuwa mkavu," akadakia mfamasia wa duka la jirani, mama mmoja mwenye koti jeupe aliyekuwa ameegemea mwimo wa mlango, jicho moja huku, jicho moja dukani kwake. "Nilimwambia dada yangu, huyu hafiki mbali."

Haya, ndiyo hayo. Mwalimu Rula akashika mikono ya kiti chini ya shuka ya kinyozi. Alitamani kuinuka, lakini wembe ulikuwa kooni, na mtu mwenye wembe kooni hana pa kwenda. Ilimbidi asikilize.

"Lakini jana!" Dereva akapiga paja. "Inspekta anamwekea kile kikombe mezani. Anamwambia, 'Humu mna masalio ya alichokunywa bwana wako. Una la kusema?' Nikadhani sasa atalia, atapiga magoti, kama tulivyozoea. Yule mtoto hakusema kitu. Akakitazama kikombe..."

"Akakitazama kama mtu anayetazama mlango wa kwao," kinyozi akasema. Wembe ulikuwa umesimama hewani.

"Akakichukua, akanywa! Na Inspekta, pamoja na ujanja wake wote, kaachama mdomo wazi. Mimi nimebeba watu wa kila aina kwenye lile gari, mama mfamasia. Nimewaona wanaotaka kufa, nimewaona wasiotaka. Jana sikujua huyu yuko upande gani. Nikajikuta nalia. Mke wangu ananicheka, nalia tu."

"Hakuna sumu mle," mfamasia akasema kwa uhakika. "Amekunywa kuwaonyesha kwamba hana hatia."

"Au amekunywa kwa sababu anayo," kinyozi akapinga. "Mikono haikutetemeka hata kidogo. Mwenye wasiwasi hutetemeka. Aliyekwisha kukata shauri hatetemeki."

Wakaanza kubishana, kila mmoja akimkata mwenzake kauli, na katikati ya kelele zile Mwalimu Rula alihisi kitu kikimlegea kifuani, taratibu, mithili ya fundo la kamba lililolowa kwa miaka na sasa limepata jua. Watu wazima hawa walikuwa hawamcheki binti yake. Walikuwa wakigombana juu ya nafsi ya mtu ambaye hakuwepo duniani, na aliyempa mtu huyo pumzi ni yule mtoto wa taji la karatasi.

"Ila nauliza," mfamasia akasema, "binti kama yule katoka wapi?"

"Katoka kwangu," Mwalimu Rula akasema.

Kinyozi akazunguka mbele ya kiti akamtazama usoni, nusu iliyonyolewa na nusu ya povu, akitafuta mzaha. Hakuuona. Aliona pua, na paji la uso, na yale macho yaliyotulia.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Pua ni ile ile."

Dereva alisimama kana kwamba mkuu wake wa kazi kaingia. "Mwalimu! Na mimi nimesema mlingoti mbele yako!"

"Umesema uliloliona. Endelea kulisema na la jana."

"Basi tuambie wewe," mfamasia akasema, akiliacha duka lake kabisa na kuingia ndani. "Kamuua au hakumuua?"

Mwalimu Rula akamwashiria kinyozi amalizie upande uliobaki. Hakujua. Wao wakakonyezana, wakasifu jinsi mzee anavyojua kutunza siri.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo. "Mpigie mwanao," Mwalimu akamwambia.

"Amekuwa wangu peke yangu tangu lini?" Lakini mkono wake ulikuwa umeshaifikia simu, na alipokwisha kupiga na kumpa mumewe, akasimama karibu mno kwa mtu anayedai kukunja nguo.

"Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa ya tahadhari. "Kuna nini? Mama mzima?"

"Marahaba, mwanangu. Mama mzima. Nina swali. Yule tajiri ulimuua, au hukumuua?"

Kicheko cha binti kikaanza kidogo, kama maji yanayotafuta njia ya bomba, mara kikafurika.

"Baba, siruhusiwi kusema!"

"Hata mimi?"

"Wewe hasa. Mama atakubana, na kabla ya jua kuzama mtaa wote utakuwa unajua."

"Nimesikia hayo!" mama mtu akapaza sauti.

"Kwani umeangalia?" binti akauliza, kicheko kikimtoka polepole.

"Sijaangalia. Nimesimuliwa kwa kinyozi."

"Wamesemaje?"

"Dereva mmoja amelia, na mkewe kamcheka. Kinyozi anasema mikono yako haikutetemeka."

Binti akasema, "Ilitetemeka sana, baba. Tulirudia na kurudia hadi ikatulia."

Mwalimu Rula alitaka kusema kitu kirefu. Kilichotoka ni, "Na mle kikombeni mlikuwa na nini?"

"Chai ya baridi. Haina hata sukari."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nyuma yake mkewe alikuwa amekwisha washa televisheni, maana marudio yalikuwa karibu kuanza, na wimbo wa tamthilia ukajaa sebuleni.

"Inaanza?" binti akauliza. "Basi nikate?"

"Usikate."

Akaweka simu kwenye mkono wa kiti, sauti juu, akavuta kiti mbele hadi mkewe akalalamika kwamba amemkinga asione. Kwenye kioo mlango wa nyumba ya tajiri ukafunguka, mjakazi akaingia na sinia mikononi, miguu mitupu, asitazame kulia wala kushoto; na kutoka kwenye simu ikasikika pumzi ya mtu aliyetulia akisubiri.