Fremu ya Buluu

Alphonse Mulenga alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akisukuma vioo vya miwani yake ndani ya fremu ya kijivu na kuitukana kimoyomoyo. Kioo cha kulia kiliingia vizuri. Cha kushoto kilikataa katakata, maana fremu ilikuwa imepinda, mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi wa kushonea, na yote inanuka jasho la mtu mwingine. Nje, mtaa wa Hewa Bora ulishaamka zamani. Muuza makaa alikuwa akitangaza bei mpya kwa sauti ya kujigamba, kama vile amepandishwa cheo yeye na wala si gunia.

"Ndugu yangu Fils hayafika?" mkewe Syntiche akauliza, amelala nyuma yake.

"Hayafika. Telefone yake haipite."

"Sasa utaenda na ile ya gris?"

"Nikiacha, nitaenda na macho ya nani?"

Syntiche alilishika tumbo lake. Alikuwa na mimba ya tatu, kubwa, inayomlaza upande mmoja tu, na watoto wawili wa kwanza walitolewa kwa kisu. Huyu naye daktari alishasema atatoka kwa njia hiyo hiyo, siku ya Alhamisi, bila kungoja uchungu. Hospitali ilikuwa tayari kumpokea. Ilitaka kitu kimoja tu: bon, hati ya matibabu, kutoka ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya Alphonse. Ukiwa na bon, mlango unafunguka. Usipokuwa nayo, unalipa kwanza, pesa zote, mlangoni, mke akiwa amekaa kwenye benchi anauma kanga. Na bon ilitolewa kwa engagés peke yao, yaani watu wa mkataba. Alphonse alikuwa mmoja wao, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kuichukua.

"Usirudie bila bon," Syntiche akasema.

"Nitakuya nayo." Alphonse alikikandamiza kioo cha kushoto mpaka kikaingia.

Hizi fremu zinataka maelezo. Kampuni ya Alphonse ilikuwa imekodiwa na kampuni iliyokodiwa na wenye machimbo, na kwa vumbi la pale kila mtu alilazimika kuvaa miwani ya usalama. Wenye macho mabovu walipimwa, wakachongewa vioo vyao vizuri, vya kudumu, vinavyoingia na kutoka katika fremu yoyote ya aina ile. Fremu ikichakaa inatupwa, vioo vinabaki. Tuseme ukweli, wazo lilikuwa zuri. "Bioo ni byako, monture ni ya société," vioo vyako, fremu ya kampuni, ndivyo walivyoambiwa siku ya kwanza, na hakuna aliyeona neno baya hapo.

Kisha bwana mmoja, anayepulizwa na kiyoyozi kutwa nzima, akakumbuka kwamba fremu zinatengenezwa kwa rangi. Buluu wakapewa engagés, kijivu wakapewa journaliers, vibarua wa siku. Tangu hapo hakuna aliyetazama tena sura ya mtu. Buluu inapanda basi lenye viti, inakunywa chai, inapewa bon. Kijivu inarundikwa nyuma ya lori na inakula vumbi. Rangi yenyewe haikukaa kazini, ilitoka na wenyewe hadi mitaani. Wanaume walivaa buluu zao kwenye misa ya Jumapili, wakazivaa hadi baa, na mwenye nyumba akiiona puani kwako alilainisha sauti.

Ndiyo maana Fils alikuja Jumamosi. Fils ni mdogo wake Syntiche, journalier, kijana mwenye haya ambaye macho yake ni mabovu kama ya shemeji yake. Alikuwa anakwenda Kasenga kwa présentation, kujionyesha kwa bukwe, yaani ukweni, na baba wa msichana, mfanyabiashara wa samaki wa Luapula, alikwisha kusema wazi kwamba binti yake hamtoi kwa kibarua. Sasa mtu atamnyima vipi ndugu wa mke wake siku anayokwenda kusimama mbele ya wakwe? Katika nyumba ile haikuwezekana. Waliketi kitandani, kila mmoja akang'oa vioo vyake, wakabadilishana fremu kama watoto wanaobadilishana mashati, na wakacheka sana. Fils aliahidi kurudi Jumapili jioni. Jumapili jioni ikaja, Fils hakuja.

Basi lilikuwa limeshawasha injini Alphonse alipofika. Kijana wa mlangoni alimwekea mkono kifuani.

"Papa, bajournaliers kule ku camion."

"Miye njo Alphonse wa ku bascule. Unanijua, hapana?"

"Weye minakujua. Lunettes njo siijue."

Walio ndani wakacheka. Alphonse alipima malori ya watu hawa kwenye ile bascule kwa miaka, akasoma namba za mizani yao jua na mvua, na sasa wanaangalia dirishani kama hawajawahi kumwona. Akaliacha basi, akapanda lori. Vijana walimsogezea nafasi bila kuuliza kitu, wakamwangalia uzi wa kwenye fremu, na huruma yao ilimchoma kuliko kicheko cha wale.

Langoni alikuwapo Ephraïm, mlinzi, mtu wanayekaa naye benchi moja kanisani. Alphonse alidhani hapo ndipo upuuzi utakapokwisha.

"Yaya, mukubwa wangu, miye nitafanya nini?" Ephraïm akasema, akiangalia viatu vyake mwenyewe. "Banatuambia tuangalie couleur, rangi tu. Nikikuacha upite na bale ba buluu, kesho miye njo niko ku camion. Enda ku bureau, umuone chef."

Chef alikuwa Adalbert, mkuu wa wafanyakazi. Baba yake Adalbert na baba yake Alphonse walichimba shimoni pamoja wakati ule kazi ya mgodi ilipolisha, kutibu na kuzika, na jambo hilo Adalbert hakupenda likumbushwe. Miwani yake mwenyewe ilikuwa ya dhahabu, ya dukani mjini. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, lakini alimwita Alphonse mbele mara moja. Hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu.

"Monsieur Mulenga. Hii couleur inasema nini?"

"Iko ya shemeki yangu, chef. Yangu eko nayo yee. Atairudisha leo."

"Kumbe unapatia muntu équipement ya société."

"Ni vile tu, chef. Alikuwa na présentation, kwa bukwe."

"Kwa bukwe!" Adalbert aligeukia foleni ili na wao wafaidi. "Société inanunua ma-montures juu ya kuolesha bantu?"

Foleni ilicheka kidogo, kicheko cha watu wenye shida zao. Alphonse aliipa foleni mgongo. Akasema alichojia: "Minakuya kutwaa bon ya bibi, chef. Batamupasula siku ya jeudi."

"Bon ni ya baengagés."

"Miye niko engagé."

"Leo asubui unafika na camion ao na bus?"

Alphonse alitazama vumbi la lori magotini mwake.

"Unaona? Règlement inasema hivi: catégorie ya muntu ni ile ya équipement anavaa. Unajileta mwenyewe, na miguu yako, kama journalier. Hakuna muntu anakusukuma." Adalbert akasogeza karatasi ya kibarua iliyokwisha kuandikwa jina la Alphonse. "Signer hapa. Utaendelea na kazi, bascule ni ile ile, wakubwa ni bale bale. Ukikatala, ni faute lourde, kosa kubwa, unatoka bila kitu."

"Na bibi?"

"Bibi ya journalier, shiye hatumujue."

Alisema bila hasira, na ndicho kilichomchefua Alphonse. Mtu akikutukana walau amekuona. Alphonse aliishika kalamu, akaiweka chini. Alimfikiria Syntiche kwenye lile benchi la mlangoni. Kwa muda alikuwa tayari kupiga magoti mbele ya foleni nzima kama ingesaidia.

Hapo mlango ukafunguka na Fils akaingia mbio, matope hadi magotini, fremu ya buluu puani.

"Shemeki, pardon! Camion ya samaki ilikwama mu potopoto, tulilala mu njia. Minatelemukia hapa hapa, sijafika hata ku nyumba."

Alphonse alitaka kumzaba kofi. Badala yake akasikia mdomo wake unauliza: "Banakukubali?"

"Banakubali," Fils akasema, na uso wake ukang'aa hivi kwamba hata Alphonse, katikati ya balaa lile, alifurahi.

"Ukapita namna gani ku mulango?" Adalbert akauliza.

"Bananifungulia tu, chef. Bananiambia bonjour. Bananipatia na chai." Fils alitaka kuendelea, akaona nyuso za watu, akarudi nyuma hatua moja.

Adalbert hakucheka. Alisimama, akamvua Fils miwani usoni kwa mikono miwili, akasukuma vioo kwa gumba na kumwekea kiganjani kama chenji ya sokoni. Kisha akavuta mtoto wa meza aitupie fremu ndani. Mlikuwa mmejaa. Fremu za buluu, moja juu ya nyingine, tupu, nyingine mpya kabisa, mpaka ile ya Alphonse ikagoma kuingia na Adalbert akalazimika kuikandamiza.

Alphonse aliziangalia. Wenye hizi wote walikwenda Kasenga kuoa? Kila moja ya zile ilikuwa imekaa kwenye pua ya mtu mwenye mke na watoto. Mmoja labda alichelewa, mwingine alivunja mkono wa fremu, mwingine aliisahau nyumbani mtoto alipokuwa na homa. Sababu haikosekani ukiitafuta kila asubuhi langoni. Ujinga wake wa Jumamosi, ule uliokuwa unamla roho tangu alfajiri, ulikuwa umewaokolea wakubwa kazi ya kuitafuta tu. Hasira iliyompanda sasa haikuwa tena juu ya Fils.

"Signer, Papa. Kuko bantu nyuma yako." Adalbert alimsogezea kalamu mara ya pili.

Na mara hiyo ya pili ndiyo iliyomfungua macho Alphonse. Mbona anabembelezwa? Kama rangi peke yake ingetosha kumvua mkataba, karatasi ya nini? Walikuwa wanaihitaji sahihi yake. Bila sahihi, aliyesimama mbele ya meza ile alikuwa bado engagé, na mke wake ni mke wa engagé, wapende wasipende.

Alivua fremu ya kijivu. Chumba kikageuka ukungu, Adalbert akawa doa jeupe lenye doa jeusi. Akang'oa vioo vyake viwili, akampa Fils fremu tupu.

"Twaa, iko yako." Kisha akageukia doa jeupe. "Chef, monture yangu iko mu tiroir yako. Sasa sione. Muntu haone, atasigner nini?"

Foleni ilisogea karibu. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Usinichezee."

"Sichezi, chef. Unirudishie ile ya buluu, nisome karatasi yako."

Alijua hatarudishiwa. Adalbert pia alijua kwamba anajua. Alphonse akisharudishiwa buluu, atakuwa amevaa buluu, na kwa kanuni yao wenyewe, ile règlement, amekuwa engagé tena. Kitambo kidogo Alphonse aliamini amewashika, na moyo wake ukaruka kwa furaha kali, ya kisasi, ambayo hakuwahi kuisikia ndani ya ofisi ile.

Kikasikika kitu kikiwekwa mezani na kufunguliwa. Harufu ya wino ikapanda.

"Kwa bipofu tuko na kidole," Adalbert akasema. "Leta mukono."

Bila shaka walikuwa nacho. Watu wa namna ile wana kitu kwa ajili ya kila mtu. Alphonse alifunga mkono wa kulia, vioo viwili ndani ya ngumi, na ule wa kushoto akauficha kwapani kama mtoto anayekataa sindano.

"Fungula mukono."

"Hapana, chef."

"Nitaita Ephraïm."

"Umuite. Ephraïm eko muzito, lakini akinigusa, tutaonana kanisani."

Simu yake ikalia mfukoni mwa shati. Hakuhitaji macho kujua ni nani. Syntiche hakuwa na desturi ya kumpigia kazini, alijua simu zimekatazwa. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza upya.

"Shemeki," Fils akanong'ona, "iko dada."

Kuipokea ilitaka mkono uliofunguka. Aliijua tamaa ya Adalbert bila kuiona, aliisikia ikimngoja upande wa pili wa meza, pamoja na kile kibati cha wino. Angemwambia Fils aitoe. Lakini Fils alikuwa ameganda, na Alphonse mwenyewe aliogopa sauti itakayotoka mle. Angemwambia nini Syntiche? Bon hana, na hakuwa na cha kumpa zaidi ya kutotia kidole chake pale. Alivikaza vioo mpaka kingo zake zikamkata kiganjani.

Simu ikalia mara nyingine. Adalbert akainama mbele, na kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu wa familia, akasema:

"Upokee, Papa. Labda bintu bya kuzala binaanza."

Alphonse alisogeza mkono wenye vioo nyuma ya mgongo. Hakuufungua.