Hesabu za Shambani

Mwezi wa nne ulipoingia, darasa la tatu la Mwalimu Aneth lilibaki na watoto sita. Daftarini waliandikwa arobaini na mmoja. Wengine wote walikuwa mashambani wakiamia ndege, maana huku kaskazini mwa Mtinko uwele ukianza kukomaa, kweleakwelea hushuka kwa maelfu, na kuwafukuza ni kazi ya watoto. Wanapanda ulingo, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, wanapiga kelele tangu alfajiri hadi jua lizame.

Bwana Calist, afisa elimu wa kata, alikuja akahesabu vichwa. "Narudi baada ya wiki mbili," alisema. "Nikikuta hali ni hii, napendekeza wilayani uhamishwe, uende penye watoto."

Mwaka wa kwanza Aneth angemshukuru kwa mikono miwili. Alipofika kutoka Singida mjini alilia wiki nzima kwa kukosa maji ya bomba. Sasa hakutaka kabisa kuondoka. Watoto hawa walianza shule wakijua Kinyaturu tu, leo wanasoma hadithi nzima bila kukwama, na yeye aliwapenda mno.

Basi akafanya kosa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akabembeleza, akatisha kidogo, na Jumatatu watoto wakaja wote. Akafundisha kwa raha zake. Saa sita habari zikafika: shamba la Mzee Zefania, mwenyekiti wa kitongoji, limeliwa nusu nzima.

Alikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Njoo uone matunda ya masomo yako." Mzee alimwonyesha suke tupu.

"Nisamehe baba. Kesho nitaamia mimi."

Mzee alivitazama viatu vyake vya mjini, akaguna. "Wewe? Haya, karibu."

Akaja kweli. Saa nzima alipiga mayowe juu ya ulingo mpaka maneno yakamwishia, na ndege wakamzoea kama jamaa yao. Akabaki na kelele moja tu, ile aliyoizoea kazini.

"Saba mara moja!"

"Saba!" akaitikia Jenifa, mwanafunzi wake, kutoka shamba la jirani.

"Saba mara mbili!"

"Kumi na nne!" Safari hii mashamba matatu yaliitikia kwa pamoja. Kundi zima la ndege likainuka, likatokomea.

Mzee Zefania aliacha jembe. "Mwalimu, rudia hiyo ya saba. Wameiogopa."

Tangu siku hiyo shule ikahamia shambani. Asubuhi hesabu, mchana kusoma kwa sauti, na Aneth akizunguka na madaftari kichwani, miguu imejaa miiba, furaha haimwishi.

Siku ya Bwana Calist ikafika. Alikuta madawati matupu, akatoa kalamu. Aneth akapiga moyo konde.

"Afisa, nakuomba twende nje kidogo."

Ukingoni mwa mashamba akaita majina, na huku na kule sauti zikajibu, "Nipo!" Afisa hakuridhika.

"Kuitika ni rahisi. Wanajua nini?" Akavuta pumzi, akapaza sauti mwenyewe: "Nane mara saba!"

"Hamsini na sita!"

Haikuwa sauti ya mtoto. Katikati ya uwele alisimama Bibi Martina, mwenye shamba hilo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukaa darasani. Amejiziba mdomo, ameshangaa kuliko wote. Watoto waliangua kicheko hata ulingo mmoja ukayumba.

"Shikamoo bibi," alisema Bwana Calist. "Nani amekufundisha?"

"Marahaba mwanangu. Ni hawa watoto! Siku zote hizi wananipigia makelele, ningefanyaje? Hebu niulize nyingine."

"Tisa mara sita!"

"Hamsini na nne!" Akajipigia vigelegele mwenyewe, na mashamba yote yakampokea.

Bwana Calist alicheka mpaka akafuta machozi. "Sasa wilayani nikawaambie nini?"

"Waambie wasimguse mwalimu wetu," alisema Bibi Martina. "Hata hesabu za kumi na mbili hatujazifikia."