Mruko wa Sita wa Mikidadi

Mwalimu Mwinshehe alipewa kiti kidogo cha chuma kando ya ubao wa kurukia, na bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutazama mguu. Uso wa mrukaji haukumhusu, wala umbali, wala kelele za watu. Mbele ya ule ubao mweupe kulikuwa na ukanda mwembamba uliopakwa udongo laini, kama ule wanaofinyangia watoto wa shule. Mguu ukivuka mstari, hata kwa ncha ya kidole, alama inabaki kwenye udongo. Hapo yeye anainua nyekundu, na mruko haupimwi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya riadha ya Afrika Mashariki na Kati, na uwanja wa Dar es Salaam ulikuwa umefurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Malori mawili yalikuwa yametoka Bagamoyo tangu alfajiri, yamejaa watu waliokuja kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mikidadi wa Kaole, mkwangua chumvi kwenye mashamba ya Nunge, aliyekuwa akishindana kuruka chini, yaani mruko wa urefu, kwa niaba ya Tanzania.

Mikidadi alikuwa shemeji yake Mwinshehe, mdogo wa mkewe, Mwanajuma, baba mmoja mama mmoja. Na kabla hajawa shemeji alikuwa mwanafunzi wake. Mwinshehe ndiye aliyemwona kwanza akiuruka mfereji mpana wa maji ya chumvi akiwa na kikapu begani, akamsimamisha, akamwambia aurudie bila kikapu. Aliupima mruko ule kwa hatua zake, akaupima tena, akaenda zake nyumbani akizungumza peke yake njiani. Tangu hapo ilikuwa miaka sita ya kuhesabu hatua kwenye mchanga wa pwani, jioni baada ya jioni, mpaka Mikidadi akaweza kukimbia amefumba macho na mguu ukaangukia pale pale palipochorwa.

Kwa hiyo siku moja kabla, Mwinshehe alimwendea mwamuzi mkuu, Mzee Haji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mzee, huyu Mikidadi ni shemeji yangu. Naomba mnihamishie kwenye mkuki."

Mzee Haji alivua miwani akaipangusa kwa kanzu. "Kwenye mkuki nina watu wanne. Kwenye ubao nina wewe peke yako uliyesomea kazi hii. Nikianza kuwatoa watu kwa sababu ya udugu, nitabaki na nani? Keti pale, tazama mguu, basi."

Basi akaketi pale, akatazama miguu.

Aliyeongoza alikuwa Mzambia mmoja mrefu, jina lake Mulenga, ambaye katika mruko wake wa pili alipata mita saba na sentimita hamsini na mbili. Majukwaani watu walikuwa bado wanaulizana kwa futi ni ngapi, maana mita zilikuwa hazijawaingia. Katika mruko wa nne Mulenga alikanyaga ukingoni kabisa mwa ubao. Mwinshehe alipiga magoti, akachungulia udongo, akauona mzima, akainua nyeupe. Kocha wa Tanzania alimtazama kwa jicho baya, lakini udongo ulikuwa mzima.

Mikidadi alianza vizuri, kisha akayumba. Mruko wa tatu alivuka ubao kwa nusu ya kiatu, Mwinshehe akainua nyekundu bila kufikiri, na Mikidadi mwenyewe akacheka. Wa nne alipata saba na arobaini na nne. Wa tano hatua zilimchanganya akapita tu mchangani kama mtu anayekimbilia basi. Ukabaki wa sita, wa mwisho. Mulenga alikuwa amekwisha kuruka, hakuongeza kitu, ameketi chini anafungua viatu vyake vya misumari huku macho yakiwa kwenye njia ya kukimbilia.

Mwinshehe alichukua kisu bapa akaulainisha udongo kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwachia msaidizi. Aliulainisha kutoka upande huu mpaka upande ule, akainama akautazama kwa mwanga wa ubavuni, akaona hauna hata mkwaruzo. Kisha akarudi kitini.

Mwisho wa njia, Mikidadi alisimama ameinamisha kichwa. Upepo wa bahari ulikuwa ukimpiga mgongoni. Watu wa Bagamoyo walianza kupiga makofi, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na uwanja mzima ukawafuata. Mwinshehe alihisi jasho likimtiririka chini ya kwapa. Mikidadi aliinua kichwa, akamtazama. Mwinshehe akashusha macho kwenye ubao.

Alizisikia hatua kabla ya kuziona. Alijikuta anazihesabu, kama alivyozihesabu miaka sita, na kila moja iliangukia mahali pake. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Mguu ukatua ubaoni, pa! Mlio ulikuwa safi, mlio ambao alimfundisha kuutafuta. Juu yake kivuli kikapita. Hakukifuata kwa macho. Alisikia mchanga ukikohoa mbali, mbali kuliko ulivyokohoa siku ile nzima, na uwanja ukalipuka.

Yeye alikuwa anatazama udongo.

Kulikuwa na alama. Ilikuwa ndogo, nyembamba, imepinda kama ukucha wa mtoto mchanga uliokatwa. Ilikuwa karibu sana na mstari, lakini ilikuwa upande wa pili.

"Safi, Mwalimu?" aliuliza msaidizi wake, na tayari alikuwa ameinama na kisu, tayari kuulainisha udongo, uso ukimng'aa kwa furaha.

"Usiguse!"

Msaidizi akaganda.

Mwinshehe alipiga magoti. Aliomba moyoni iwe ni kivuli. Akasogeza kichwa, alama haikusogea. Aliomba iwe ni mkwaruzo wa zamani, lakini udongo aliulainisha mwenyewe dakika tatu zilizopita. Nyuma yake watu wa Bagamoyo walikuwa wanaimba jina la Mikidadi. Mwenye kipimo alikuwa amekwisha kuchomeka kigingi mchangani, na uso wake ulionyesha kwamba Mulenga amepitwa. Kisu kupita mara moja tu juu ya udongo, na alama ile isingekuwapo tena duniani. Mwinshehe alimfikiria Mwanajuma, aliyebaki Bagamoyo akisikiliza redio ya jirani.

Akasimama. Akainua nyekundu.

Uwanja ulinyamaza kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha kelele zikaja zote kwa pamoja, na chupa ya soda ikaanguka karibu na kiti chake. Kocha wa Tanzania alikuja mbio.

"Unafanya nini wewe? Mguu uko ubaoni! Kila mtu ameona!"

Mzee Haji naye akaja, akapiga magoti kwa taabu, akavaa miwani, akachungulia. Alikaa pale kwa muda. Alipoinuka aliongea kwa sauti ya chini.

"Macho yangu haya ya kizee yanaona kitu, hayaoni kitu. Siwezi kuapa. Wewe umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Sikiliza, Mwinshehe. Kama una shaka, sema una shaka. Shaka humfaidi mrukaji, na hakuna atakayekulaumu. Una hakika?"

Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa kusema ni neno moja dogo. Alimtazama Mikidadi, aliyesimama hatua chache tu kutoka pale, mchanga umemganda mapajani, mikono kiunoni. Kocha alikuwa anapiga kelele kwa niaba yake. Mikidadi mwenyewe hakusema lolote.

"Nina hakika," alisema Mwinshehe.

Mulenga akapata dhahabu, Mikidadi fedha.

Mwinshehe hakuthubutu kupanda lori. Alilala Dar kwa rafiki yake, akarudi kwa basi kesho yake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Hata hivyo, basi liliposimama Mapinga kupakia magunia, mama mmoja alimwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Si huyu aliyemnyang'anya shemeji yake?" Abiria wote wakageuka.

Bagamoyo hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye baraza ya kahawa ya Mzee Mwinyijuma, alikokaa kila alasiri kwa miaka kumi na moja, salamu yake ilijibiwa na mtu mmoja tu, tena kwa kuguna. Walisema amelipwa na Wazambia. Walisema alimwonea shemeji yake wivu tangu zamani. Huko Kaole, Mikidadi alipokewa kwa ngoma na kubebwa mabegani, na kila aliyembeba alisema amedhulumiwa.

Nyumbani, Mwanajuma aliitikia salamu, akatandika chakula, akaenda kukaa uani na binti yao Adija. Siku tatu ilikuwa hivyo. Siku ya nne alisimama mlangoni wakati mumewe anasahihisha madaftari.

"Baba Adija, nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Ungeinua ile nyeupe, nani angejua?"

Mwinshehe aliweka kalamu chini. "Hakuna."

"Hakuna," alirudia Mwanajuma. Akachukua kikombe kilichokwisha chai, akaondoka nacho.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, Mikidadi alikuja kwa miguu kutoka Kaole, amevaa kanzu na kofia, akabisha hodi kama mgeni. Mwanajuma alimkaribisha kwa furaha, akamtandikia mkeka sebuleni. Mwinshehe alikaa upande wa pili wa chumba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

Mwanajuma alitaka kwenda kuandaa chai, lakini Mikidadi akamzuia. "Dada, kaa kwanza. Nataka na wewe usikie."

Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanzu yake.

"Niliusikia," alisema hatimaye.

"Ulisikia nini?" aliuliza Mwanajuma.

"Udongo. Nilipokanyaga nilihisi kidole kimezama. Ubao hauzami, dada. Nilijua nimekwisha hata kabla sijatua mchangani."

Mwanajuma alimtazama mdogo wake, kisha mumewe, kisha mdogo wake tena.

Mwinshehe alidhani akiyasikia maneno hayo angepumua. Hakupumua. Badala yake hasira ilimpanda.

"Siku tisa. Siku tisa, Mikidadi! Mzee Haji ananiuliza, wewe umesimama hapo hapo. Neno moja lilikuwa linakushinda?"

"Lilinishinda, Mwalimu."

"Hata barua? Hata kumtuma mtu?"

"Walinibeba mabegani," alisema Mikidadi, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Kila mtu ananiambia nimedhulumiwa. Nikaona afadhali niitwe mdhulumiwa kuliko niitwe mtu aliyeharibu mruko wake mwenyewe mbele ya nchi nzima. Nilikuwa nasema kesho nitakuja. Kesho. Kesho."

Mwinshehe aligeukia ukuta. Mwanajuma ndiye aliyeinuka. Alichukua buibui lake kwenye msumari, akajifunika.

"Nyanyuka," alimwambia Mikidadi.

"Twende wapi?"

"Kwa Mzee Mwinyijuma. Utawaambia kama ulivyotuambia sisi."

"Dada, leo Ijumaa. Watu wamejaa pale."

"Nyanyuka, nimesema."

Wakaenda, Mwanajuma nyuma yake kama askari. Mwinshehe alibaki kitambo, kisha akavaa viatu, akawafuata kwa mbali. Mwanajuma alisimama ng'ambo ya barabara, chini ya ukuta wa duka. Mikidadi alipanda barazani, akatoa salamu, akaanza kusema. Sauti yake haikufika nyuma.

"Sema tena, mwanangu," alisema Mzee Mwinyijuma, dele la kahawa mkononi. "Huku nyuma hatujasikia."

Akasema tena. Alisema yote, udongo na kidole na siku tisa. Alipomaliza, vikombe viliacha kugongana. Mmoja akacheka kwa aibu. Mwingine, aliyekuwa wa kwanza kueneza habari ya Wazambia, alinong'ona kwamba dada mtu ndiye aliyemlazimisha kusema hivyo, na wapo walioamini hilo mpaka leo. Lakini Mzee Mwinyijuma alimwona Mwinshehe pembeni ya barabara, akamwita kwa jina, akasogea kumwachia nafasi kwenye jamvi.

Mwinshehe alikaa. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa, akajibu aliyoulizwa, wala hakumtazama Mikidadi hata mara moja. Hasira yake haikuisha siku ile, wala mwezi ule. Ilimalizika mwishoni mwa mvua za vuli, bila mazungumzo. Alasiri moja alikwenda Nunge, akamkuta Mikidadi anakwangua chumvi, akamwambia avue viatu waende mchangani, kwa sababu hatua yake ya kumi na sita imekuwa ndefu kupita kiasi.

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano hayo hayo huko Lusaka, Mikidadi aliruka saba na hamsini na tano, miruko yote sita halali, akawa wa pili tena. Matokeo yaliposomwa kwenye redio, Mwanajuma alikuwa ameketi sebuleni bega kwa bega na mumewe. Aliguna, akasema, "Medali ya haki hiyo," akainuka kwenda kuepua wali.