Ubao Katikati ya Ufuko

Kivuko kutoka mji wa Harlingen, bara ya Uholanzi, hadi kisiwa cha Vlieland kinachukua saa moja na nusu, na Alhamisi ile sikukaa kitini hata robo ya muda huo. Nilipanda juu, nikashuka, nikanunua kahawa nikaisahau kwenye ukingo, nikaenda kutazama baiskeli za watu zilivyofungwa. Mama mmoja mwenye mbwa aliniuliza kama bahari inanisumbua. Nikamwambia mimi nimezaliwa kisiwani. Akanitazama kama mtu aliyejibiwa swali la mwingine.

Kwenye simu yangu kulikuwa na namba ya nyumba ya wazee ya huko Harlingen. Walikuwa na chumba kimoja, cha kwanza kupatikana baada ya miezi kumi na minne ya kungoja, na wangekishika hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Saa tisa ikipita, kinakwenda kwa mtu anayefuata kwenye orodha. Nilichohitaji ni neno moja tu kutoka kwa baba yangu, Tjebbe, mwenye miaka sabini na minane, anayeishi peke yake tangu mama afariki. Neno lenyewe ni ndiyo. Sijawahi kumsikia akilisema kwa haraka.

Jina la baba lilikuwa kwenye orodha siku nyingi, lakini aliyeniwashia moto huu wa haraka ni Melle. Nilisoma naye darasa moja. Siku hizi anaendesha lori la watalii ufukweni, lenye magurudumu yanayomfika kifuani. Alinipigia simu mwanzoni mwa Mei. Alianza kwa kunisimanga kwamba sisi tuliohamia bara tunakikumbuka kisiwa jua likitoka tu, kisha sauti yake ikapoa. Akasema mzee wangu ameanza kuacha ubao katikati ya ufuko.

"Katikati wapi?" nilimuuliza.

"Katikati, Aafke. Hatua hamsini kutoka vilimani. Kila siku napinda na lori zima. Watu wameanza kusema."

Kwa mtu wa kwingine hiyo si habari ya kumpigia mtu simu. Kwetu ni habari. Bahari ikikuletea ubao, unauburuta hadi chini ya vilima vya mchanga, juu ya mstari wa mwani, mahali ambapo maji hayafiki. Unaufunga kamba yako au unauwekea jiwe, basi, ni wako. Uurudie kesho au uurudie baada ya majira ya baridi, utaukuta. Baba na mdogo wake hawakusalimiana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mlingoti mmoja uliokutwa na mafundo mawili, kila mmoja akiapa lake ndilo la kwanza. Sasa mtu aliyeburuta mbao maisha yake yote, akiuacha ubao mahali ambapo maji ya bamvua yanaweza kuufuata, utasema nini juu yake? Nilisema kichwa kimeanza kuvuja. Nilisema hivyo kwa Melle, nikasema hivyo kwa yule dada wa nyumba ya wazee, na yeye akaandika.

Baba alinipokea mlangoni akiwa na buti zake za mpira miguuni. Hakuniuliza nimekuja kwa nini katikati ya wiki. Alinipa kahawa na kipande cha mkate mweusi na jibini, akazungumzia upepo, akanyanyuka, akanipa kahawa tena. Kikombe cha kwanza kilikuwa mbele yangu, kimejaa. Nilitazama vikombe viwili nikavihesabu kama ushahidi.

Ukutani ilikuwepo ile saa aliyopewa alipoagwa kazini. Baba alikuwa mlinzi wa ndege wa porini kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliendelea kutembea ufuko ule ule bila malipo, hadi ofisi ya hifadhi ilipomshukuru, ikampa saa, na mahali pake ikasimamisha vibao vya onyo. Saa ile ilikuwa imesimama. Sikujua kama imeharibika au amekataa kuitia betri.

Jioni nilijaribu kuanza. Nilisema Harlingen kuna chumba kizuri. Akasema kesho upepo utageuka kaskazini magharibi. Nilisema ni hatua chache kutoka bandarini, utaona meli. Akasema meli anaziona. Kisha akaenda kulala, na mimi nikabaki nikipanga na kupangua vijiko kwenye droo.

Asubuhi nilishindwa kungoja. Nilichukua baiskeli ya marehemu mama, nikaelekea ufuko wa magharibi, nikauona ubao.

Ulikuwa mrefu, wa rangi ya chungwa, labda umetoka kwenye sitaha ya meli ya uvuvi. Ulilazwa kwa ubavu, mgongo kwenye upepo, peke yake katikati ya mchanga mtupu. Kamba ya kijani ya baba ilikuwa imefungwa kwa lile fundo lake la mizunguko mitatu. Karibu na mstari wa mwani alama za lori zilikuja moja kwa moja, zikapinda kuuzunguka, zikarudi kwenye mstari wao. Niliona aibu, kwa kweli. Nilimwona akilini Melle akiwasimulia watalii wake, nao wakicheka.

Nikapiga simu nyumba ya wazee kuuliza kama wanaweza kungoja hadi Jumatatu. Wakaniweka kwenye muziki. Simu nimeibana kati ya sikio na bega, nikaushika ubao kwa mikono miwili, nikaanza kuuburuta kuelekea vilimani, nikirudi kinyumenyume kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka sita. Ndege mdogo wa rangi ya mchanga alikimbia mbele yangu, akasimama, akakimbia tena akiwa ameangusha bawa moja. Nilimwona. Nilimwona kabisa, ila sikumtazama, kwa sababu muziki ulikuwa umekatika na dada alikuwa akiniambia kwamba hapana, ni saa tisa leo.

Niliulaza ubao chini ya vilima, nikakaza fundo la baba, nikapangusa jasho. Kwa mara ya kwanza tangu nipande kivuko mwili wangu ulitulia. Nilikuwa nimemsitiri baba yangu.

Tulikula cha mchana, au yeye alikula na mimi nikamfuata: supu ya njegere iliyobaki jana, nzito hadi kijiko kinasimama. Saa saba na nusu ilikuwa imefika tulipomaliza sahani ya kwanza. Nikaona niingilie mlango wa upole.

"Baba, ule ubao wako nimeupandisha. Usiwe na wasiwasi nao."

Akaweka kijiko chini. "Upi?"

"Wa rangi ya chungwa. Ulikuwa umeuacha pabaya."

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu Melle siku hizi anaondoka saa ngapi. Nikasema nadhani saa nane. Akasimama, akavaa kofia, akatoka bila kufunga mlango, na nilipofika nje alikuwa tayari juu ya baiskeli.

Upepo ulikuwa umegeuka, kama alivyosema, na ulitupiga usoni njia nzima. Mzee wa miaka sabini na minane alikuwa mbele yangu na sikuweza kumpata. Maneno yake yalinifikia vipande vipande. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa rangi ya mchanga. Jozi moja tu mwaka huu, ufuko wote. Mayai matatu juu ya mchanga, bila jani wala unyasi wa kuyaficha. Mwaka jana ofisi iliweka kibao cha onyo na kamba nyeupe, watalii wakaanika suruali zao juu ya kamba, na mayai yakakanyagwa.

"Kibao hakuna anayekisoma," alisema baba akihema. "Lakini ubao wenye fundo hakuna anayeugusa. Hata huyo Melle, ambaye hamsikilizi mama yake mzazi."

Nilikanyaga pedali.

Tulipotokea kwenye pengo la vilima, lori lilikuwa limeshashuka ufukweni, dogo bado, likija upande wetu kwenye mstari wake ulionyooka. Ubao haukuwepo wa kulipindisha. Baba aliangusha baiskeli akaanza kukimbia, akafika hatua kumi, akashika magoti. Akaninyooshea mkono tu. Nikakimbia mimi.

Sikujua mayai yako wapi. Nilijua tu mahali ulipoanzia mfuo wa ubao niliouburuta asubuhi, na nikaufuata huo mfuo nikitazama kila ninapotia mguu, nikikimbia na kuogopa kukimbia. Nikasimama nje kidogo ya mwanzo wake, upande wa lori, nikatandaza mikono. Lori likaja, likaja, likapunguza, likasimama urefu wa kitanda mbele yangu. Watalii huko nyuma walikuwa wananipiga picha.

Melle akatoa kichwa. "We Aafke, kama unataka lifti ungesimama stendi kama wenzako."

"Rudi nyuma," nilimwambia. "Kwa njia uliyojia. Usipinde."

"Kuna nini?"

"Mayai."

Alitazama mchanga mbele ya gurudumu, kisha akatazama mfuo, kisha vilima, alipouona ubao. Uso wake ulibadilika polepole. Akasema yeye alikuwa anapindia ubao huo kila siku na leo hakuuona, ndiyo maana amenyoosha. Baba alikuwa amefika, anatembea, mkono kifuani.

"Sasa mzee wangu, si ungeniambia tu?" Melle alisema. "Siku zote hizi nakuona umeanza kuchanganyikiwa."

"Ningekuambia, ungesimamisha lori uwaonyeshe hawa wako."

Melle akaingiza kichwa ndani. Akarudisha lori nyuma taratibu, gurudumu ndani ya alama yake lenyewe, hadi mbali, ndipo akazunguka kwa kupitia karibu na maji.

Yalikuwa hatua tatu kutoka kisigino changu. Mayai matatu, rangi ya mchanga wenye madoa, ndani ya kishimo ambacho ungedhani kimeachwa na kwato. Asubuhi nilikuwa nimeupitisha ubao kando yake. Baba hakusema lolote juu ya hilo, na ningependa angesema.

Tuliurudisha ubao, yeye akishika mwisho mmoja na mimi mwingine, tukaulaza mgongo kwenye upepo kama ulivyokuwa. Kisha akanishika mkono akanirudisha vilimani, tukalala kifudifudi nyuma ya majani makali ya mchangani. Upepo ulikuwa wa baridi. Alisema sasa ni kungoja. Kama hakuna mwingine aliyepita baada yangu, ndege atakuwa alirudi kuyalalia asubuhi ile ile na kuondoka sasa hivi tu, kwa kuogopa lori. Kama alishaogopa tangu asubuhi, mayai yameshapoa, na hatarudi.

"Utajuaje?"

"Akirudi."

Mimi si mtu wa kulala kifudifudi. Mguu uliniwasha, mgongo ulitaka kujikunja, mchanga uliingia shingoni. Mbali, ukingoni mwa maji, shakwe walikuwa wanagombania kitu. Sehemu ya ubao hakukuwa na chochote. Saa ya mkononi ilisema saa tisa kasoro kumi. Kisha simu ikaanza kutetemeka chini ya tumbo langu.

Baba aliisikia. "Pokea," alisema, macho mbele.

"Nikisogea hatakuja."

"Najua."

Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilimwona yule dada na kalamu yake. Nilimwona mtu wa pili kwenye orodha, ambaye naye ana binti mahali fulani. Ningeweza kuviringika, kunong'ona neno moja, kumaliza. Badala yake nililala nikiuma kipande cha jani, na kitu kidogo kikakimbia kwenye mchanga, kikasimama, kikakimbia, kikasimama. Nilikipoteza. Nikakipata tena karibu na mwisho wa ubao. Ndege akatazama huku na huku, akaingia kwenye kivuli cha ubao, akajitikisa tumbo mara mbili, akakaa juu ya mayai.

Baba akatoa pumzi ndefu. Simu ilikuwa imenyamaza. Saa tisa na dakika nne.

"Walikuwa wa kile chumba?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kimekwenda?"

"Kimekwenda."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia upepo, kwamba juzi aliacha gesi ikiwaka jikoni tangu asubuhi hadi alasiri, na sufuria ikaungua. Alisema hilo Melle halijui, na angependa alijue mtu mmoja tu.

Nilikuwa nimekuja na jibu moja na lilikuwa limeshapewa mtu mwingine. Nikamuuliza mayai yamebakiza siku ngapi kuanguliwa. Akasema kumi na moja, labda kumi na mbili kwa baridi hii. Nikaanza kuhesabu: zamu zangu kazini, nani wa kubadilishana naye, kivuko cha saa ngapi, jiko la umeme linauzwa wapi. Nikainua kiwiko ili nikae.

Mkono wa baba ukanishuka mgongoni, mzito.

"Lala chini, wewe," akasema. "Wanapokezana kulalia. Dume bado hajaja."

Nikalala.